Mkono Chini ya Kitambaa

Katika jumuiya yetu, huku milimani Ngara, kapu la wahitaji hufunikwa kitambaa. Kila Jumamosi baada ya sala linazungushwa, kila mtu anaingiza mkono chini ya kitambaa na kuacha alichonacho: maharage, mahindi, hata muhogo mkavu. Hakuna anayeona umetoa nini. Likishazunguka, mwenyekiti analikabidhi kwa nyumba iliyozidiwa.

Kwetu lilikuwa limekuja mara nyingi. Migomba yangu ilinyauka yote, na mume wangu yuko Nyakanazi anapakua malori, simu hapokei. Maneno yakaanza: yule anajua kupokea tu. Jamani, maneno ya watu wanaosali yanauma kuliko ya walevi!

Basi Jumamosi moja nikachukua konzi mbili za mwisho za maharage, mekundu yenye meupe machache ndani yake, mbegu niliyokuwa nawaficha hata wanangu. Liwalo na liwe. Wakinipa kapu, nitapata na ya wenzangu juu yake, watoto watakula. Nilikaa karibu na mwenyekiti, kapu likaanzia kwangu.

Likazunguka, tukaimba kwelikweli. Mwenyekiti akasema kama kawaida yake, "Kutoa ni moyo, si utajiri," akaniita mimi. Nilifurahi, sitaficha. Si adabu kufunua mbele za watu, nikalibeba hivyohivyo. Lilikuwa jepesi, lakini nilijiambia kichwa changu kimezoea ndoo za maji. Nyumbani binti yangu alikuwa ameshainjika sufuria.

Nikafunua. Maharage mekundu, na meupe machache. Yangu. Hakukuwa na hata punje moja ya mahindi.

Nilitaka kutukana. Nimtukane nani? Wote wale, pamoja na walionisema, waliingiza mikono mitupu huku wakiimba. Nililia kwa hasira, kisha nikaipika mbegu yangu tukala.

Jumamosi iliyofuata sikuwa na kitu. Kapu liliponifikia lilikuwa limeshapita kwa watu wengi. Nikaingiza mkono, nikapapasa chini: ukindu mtupu. Nikauchelewesha mkono kidogo, kama wenzangu, nikautoa. Nikaimba.

Aliyeitwa safari hiyo ni bibi jirani yangu, anayelea wajukuu peke yake. Alilipokea kapu kwa mikono miwili, akapiga magoti.

"Mungu awazidishie, wanangu," akasema.

Tukaitikia amina, wote.