Josiane na Kura za Ng'ambo ya Mtaa

Josiane Lambiotte alizaliwa ghorofani juu ya baa ya babake, akaolewa nyumba tatu mbele, na hajawahi kukaa siku mbili mbali na harufu ya mafuta ya ng'ombe. Ana kibanda cha chipsi mwisho wa Mtaa wa Mpaka. Upande wake wa mtaa ni Ubelgiji. Ukivuka, hata koti hujamaliza kulifunga, uko Ufaransa. Mikono yake imejaa makovu madogo madogo ya mafuta. Mtoto wa mteja akilia, humbeba kwa mkono mmoja, wa pili ukitikisa kikapu cha waya cha kukaangia: ta-ta, kimya, ta. Mtoto ananyamaza, mama mtu anapata kula.

Binti yake wa pekee, Perrine, alilelewa kwa mlio huo, akilala chini ya kaunta ndani ya sanduku la viazi. Alipokua akautungia wimbo wa Kifaransa, wa kuchezwa mpaka viatu viombe msamaha, na mwaka huu wimbo ukachaguliwa kuiwakilisha Ubelgiji kwenye mashindano ya nyimbo ya Ulaya. Kijiji kikashikwa wazimu. Padri alikutwa kanisani peke yake akitikisa mabega, akasingizia baridi yabisi.

Jumamosi ya fainali, mchana, Perrine alipiga simu. Sauti ilikuwa ndogo, ile ya siku ya kwanza ya shule.

"Mama, huku wanasema watazamaji watanipa sifuri. Sifuri, mama! Itatangazwa Ulaya nzima!"

"Tutakupigia kura sote."

"Hamruhusiwi. Nchi haijipigii yenyewe. Mwombe shangazi Mauricette, yeye ana simu ya Ufaransa."

"Bora nife."

"Usife leo, mama, nina shughuli."

Mauricette ni wifi yake, dada wa mumewe Firmin. Alizaliwa Mbelgiji kama wao, akaolewa ng'ambo ya mtaa, akawa Mfaransa kuliko mnara wa Paris. Miaka sita iliyopita, kwenye sherehe ya Firmin kustaafu, alisimama na glasi mkononi akasema chipsi, fahari ya kila Mbelgiji, zilivumbuliwa Paris. Aliyasema hayo akila za Josiane, kidole bado kina mayonezi, vile Wabelgiji wanavyozila. Tangu siku ile hawajasalimiana. Kila asubuhi huonana dirisha kwa dirisha, kila mmoja akimwagilia maua yake kama anayezima moto.

Firmin alipoambiwa aende yeye kwa dadake, alisema mgongo unamuuma. Mgongo wa Firmin una akili kuliko mwenyewe.

Basi saa kumi na moja jioni Josiane akavua aproni, akaivaa tena, akafunga chipsi za moto kwenye karatasi, akavuka. Akagonga.

"Nani kafa?" Mauricette aliuliza, mlango nusu.

"Hajafa mtu, wifi."

"Basi umepotea njia. Kwenu ni kule kunakonuka mafuta."

"Nimekuja kwa ajili ya mtoto. Ana hofu ya sifuri. Mpigie kura, nakuomba."

Mauricette akazitazama zile chipsi, akatazama dari. "Sema kwanza zimetoka wapi."

"Kibandani kwangu."

"Josiane!"

Josiane akaikumbuka baa ya kwao. Marehemu babake alitundika picha mbili tu ukutani mwa baa: ya mfalme, na ya kikaango chake cha kwanza. Kisha akakumbuka zile nyayo ndogo zilizokuwa zikichomoza kwenye sanduku la viazi.

"Chipsi ni za Ufaransa," alinong'ona.

"Masikio yangu mazito, wifi. Geukia mtaani."

Akageuka. Ng'ambo, mbele ya baa, wanaume wanane walikuwa na bia zao. Akavuta pumzi.

"Chipsi ni za Ufaransa!"

Mmoja akaangusha glasi. Firmin naye alikuwa pale, mgongo umepona ghafla, akajifanya hamjui.

"Haya, ingia," Mauricette akasema, akimpokonya ile karatasi.

Nyuma ya mlango Josiane aliona picha ya Perrine iliyokatwa gazetini, na chini yake namba ya wimbo wake, imeandikwa kwa kalamu nyekundu. Mezani zilipangwa simu kumi na saba za wazee wa klabu ya karata, kila moja na jina la mwenyewe.

"Kumbe ungempigia hata kama nisingesema!"

"Mtoto wa kaka yangu yule. Ulidhani nitamwacha aaibike?"

"Shetani wewe."

"Chumvi imezidi," Mauricette akajibu, mdomo umejaa.

Perrine alimaliza wa kumi na nane. Kwa watazamaji alipata pointi tatu, na zote zilikuja kuonekana zimetoka Ufaransa. Asubuhi ya Jumapili alipiga simu akilia kama aliyeshinda. "Tatu, mama! Si sifuri!"

Jumatatu mchana, Mauricette akavuka mtaa kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita. Akapanga foleni, kidevu juu, nyuma ya wale wanaume, ambao sasa humwita Josiane "Madamu Paris".

"Nipe chipsi za Kifaransa," akasema, foleni nzima isikie.

Josiane akatikisa kikapu: ta-ta, kimya, ta. Akamjazia karatasi mpaka zikamwagika. Mayonezi akamnyima.