Foronya ya Shangazi

Shangazi yangu ni fundi wa nguo za kike, na kwa miaka thelathini hakuna mwanamke aliyesikia kipimo cha mwenzake kikitamkwa chumbani mwake. Anapima kimya. Utepe unazunguka kiuno, jicho linasoma, mkono unaandika kwenye daftari, basi. Ukimuuliza, "Fundi, nimenenepa?" atakujibu, "Nyoosha mgongo." Wapo wanaomnunia kwa hilo, maana huja na hamu ya umbea wa wiki nzima na kuondoka mikono mitupu. Mimi ndiye ninayemkatia vitambaa, na nakiri niliwahi kulichungulia daftari lile. Lina namba tupu, halina jina hata moja. Namba zipi ni za nani, anajua mwenyewe.

Sasa mchukue mtu wa namna hiyo umsimamishe mbele ya Kipaza.

Kipaza ni keshia wa supamaketi ya mtaani kwetu. Jina hilo tulimpa sisi wateja, na amelifanyia kazi kweli kweli. Kila unachonunua lazima akisemee. Ukiweka dawa ya chawa, "Heee, nyumbani kwako kumeingia nini?" Ukiweka kipande cha sabuni badala ya ile ya chupa, "Mambo yamekaza, eti?" Ana kucha ndefu za kubandika, na vitu vya watu anavishika kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyeletwa duniani kwa kazi kubwa zaidi na hapo kaunta anapita tu. Ni mwaka wa sita sasa anapita tu. Meneja wake, bwana mwenye tai fupi inayoishia juu ya kitovu, anasema dada yule anachangamsha duka. Supamaketi yenyewe iko peke yake mtaa mzima. Wateja tungekwenda wapi?

Mume wa shangazi sote tunamwita Mwalimu, hata mkewe. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi mpaka alipostaafu, na nusu ya mtaa huu imejifunza kusoma mbele ya fimbo yake ya kuelekezea ubao. Mpaka leo akitoka kwenda kwa kinyozi anavaa koti, na hafuati kunyolewa, kwa sababu nywele hana. Anafuata gazeti la kinyozi, analisoma lote, analikunja vizuri na kurudi nyumbani. Tangu alipofanyiwa upasuaji mwaka jana, mkojo haumsubiri. Daktari akamshauri avae nepi za watu wazima. Mwalimu alikubali kwa sharti moja tu, kwamba asijue mtu. Shangazi akamwapia.

Na kwa kuwa ni fundi, akaitafutia siri ile nguo. Alishona foronya nzito ya rangi ya kahawia, yenye zipu, sawasawa na ukubwa wa pakiti. Akifika dukani anachukua pakiti kwenye rafu, anaivalisha foronya hapo hapo, halafu anaipeleka kwa keshia mwingine, mama wa makamo mwenye miwani. Mama yule alikwisha kuelewa bila kuelezwa. Anafungua zipu kidogo, anaingiza ile mashine yake ya mkononi, inalia, anafunga zipu. Hawakuwahi kusemezana zaidi ya salamu. Miezi minane ilipita hivyo, Mwalimu akiendelea kuvaa koti lake na kusoma gazeti la bure.

Kisha mama wa miwani akaenda likizo.

Siku hiyo kaunta moja tu ilikuwa wazi. Shangazi aliweka foronya yake mbele ya Kipaza. Mimi nilikuwa nyuma yake na pakiti ya betri za saa ya ukutani.

"Mama fundi, hiki nini umekificha?"

"Sijaficha kitu. Fungua zipu uingize mashine, alama yake iko juu juu."

"Watu wanavyoiba siku hizi! Hapana, lazima nione."

Akafungua zipu yote, akavuta pakiti nje, akaiinua juu. Angekuwa na ngazi angeipanda.

"Makubwa! Nepi! Na si za mtoto hizi, jamani, za mtu mzima! Mama fundi, nani huko kwako anajikojolea? Au ndiye Mwalimu?"

Watu wakacheka. Nyuma yangu alikuwepo bibi harusi wa mwaka juzi, ambaye Shangazi alimpanulia gauni mara mbili kabla ya siku yenyewe bila hata mama mkwe kujua. Huyo alicheka mpaka akashika kapu lake kwa mikono miwili. Meneja alitabasamu, akarekebisha tai. Na mimi, niliyelelewa katika nyumba ile na kulishwa humo, nilisoma maandishi yote ya pakiti ya betri, mpaka onyo la kutozitupa motoni. Ningekuwa natafuta mtu wa kumdharau siku ile, nisingehitaji kwenda mbali.

Shangazi hakupandisha sauti.

"Ni zangu," alisema.

"Zako?"

"Zangu mimi. Piga, watu wanangoja."

Kipaza akampa pole ya uzee, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mafriji. Shangazi akaichukua pakiti, akaivalisha tena foronya, akafunga zipu taratibu mpaka mwisho.

Njiani nilikuwa nachemka, maana sasa ushujaa ulikuwa umenijia, baada ya kazi.

"Shangazi, si una vipimo vya Kipaza? Yule anavaa sponji nyonga zote mbili, wewe mwenyewe ndiye unayemshonea! Ungemwambia pale pale mbele za watu!"

"Ningemwambia. Halafu nani tena angevua nguo mbele yangu?"

"Kwa hiyo anyamaziwe?"

"Mwalimu asijue," alisema. "Hilo tu ndilo ninaloliomba kwako."

Habari ilisambaa, na kila aliyeipokea aliitia chumvi yake. Kufika katikati ya wiki, Shangazi alikuwa haponi tena, tena alikuwa analala juu ya nailoni. Wateja wakaanza mambo. Mmoja, jirani yetu mwenye duka la vipodozi, alikuja kupimwa sketi, akatoa gazeti mkobani, akalitandika kwenye kigoda chetu kabla ya kukikalia. Kigoda kile kimekaliwa na wachumba, wajawazito na wajane kwa miaka thelathini, yeye ndiye aliyekigundua kuwa kichafu. Alitandika kwa madaha, kama mtu anayetufanyia hisani. Shangazi aliliona gazeti lile, akamwambia anyooshe mgongo, akaandika namba zake.

Mwalimu alizipata habari kwa kinyozi. Kinyozi ni mtu mwema, lakini wema wake una mdomo.

"Mwalimu, mama anaendeleaje? Tumesikia. Wanawake wakifika umri ule hupata hayo. Alijisemea mwenyewe pale dukani, masikini, kwamba ni zake."

Mwalimu hakumaliza kusoma gazeti. Alirudi nyumbani, akatundika koti, akakaa chumbani. Siku tatu hakutoka. Shangazi alidhani ni homa, akamchemshia maji ya tangawizi, na yeye akayanywa bila kumwangalia usoni. Mimi nilijua, kwa sababu aliniita, akaniuliza ilikuwaje, na mbele ya Mwalimu hata sasa siwezi kusema uongo. Nilimweleza yote, pamoja na betri zangu.

"Na yule keshia alizitaja kwa sauti?"

"Kwa sauti, Mwalimu."

"Na wewe ulikuwepo."

Nilisema nilikuwepo.

Jumamosi alivaa koti, akafunga vifungo vyote, akaniambia nimfuate. Duka lilikuwa limejaa. Alikwenda kwenye rafu kwa hatua zake zile za ukaguzi, akachukua pakiti mbili, moja kila kwapa. Hazikuvaa chochote. Tukapanga foleni kama watu wengine. Watu waliona, wakaanza kujikohoza. Yule aliyetandika gazeti hakuwepo, nikasikitika. Lakini bibi harusi wa mwaka juzi alikuwepo, akajitia kusoma bei za biskuti. Niliutambua ugonjwa wake, niliuugua kabla yake.

Kipaza aliinua macho, akakunja kucha zake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Nilikufundisha kusoma darasa la pili. Soma hapo kilichoandikwa."

"Mwalimu, mimi nitapiga tu, hamna shida..."

"Soma."

Akanong'ona kitu ambacho hata mimi niliyekuwa karibu sikukisikia.

"Simama unaposoma. Na sauti, wa nyuma hawajasikia."

Mtu mzima, ana kucha za kubandika na miaka sita ya kuchangamsha duka, akasimama. Nusu ya foleni nayo ilinyoosha migongo bila kujijua, kwa kuwa sauti ile waliijua tangu wakivaa kaptura.

"Nepi... nepi za watu wazima."

"Vizuri. Za nani?"

Meneja alikuja hatua mbili, akamtambua Mwalimu, akarudi hatua tatu.

"Wiki iliyopita ulitaka kujua ni za nani. Leo mwenyewe amekuja. Za nani?"

"Zako, Mwalimu."

"Zangu. Mke wangu alikuambia ni zake, na si kweli. Hana tabia ya uongo, ulimlazimisha. Sasa kaa chini upige."

Alipiga. Ukucha mmoja ulibanduka ukabaki juu ya kaunta. Mwalimu akamsukumia auchukue, kwa adabu kabisa.

Tulirudi kwa njia kuu, pakiti zikiwa kwapani, na kila aliyetusalimia alisalimiwa. Mara moja alisimama ghafla, akauma meno, akangoja, kisha akaendelea kutembea. Nilitazama mbele.

Chumba cha kushonea kilikuwa na wateja watatu. Shangazi aliponyanyua macho kutoka kwenye cherehani akaziona pakiti bila foronya kwapani mwa mumewe, alishika mdomo.

"Mwalimu! Si ungeniambia nikupe foronya!"

"Foronya ni ya mto," alisema. "Irudishe kitandani."

Akaziweka pakiti juu ya meza ya kukatia, katikati ya vitambaa vya watu. Shangazi aliinamia tena cherehani na kushona mshono mrefu sana. Niliiona sindano haina uzi.

Mwalimu hakuingia ndani. Alibaki amesimama akimtazama jirani yetu wa vipodozi, aliyekuja kuchukua sketi yake na kukaa palepale kigodani, juu ya gazeti lake.

"Hilo ni la leo?" alimuuliza.

"La... la leo, Mwalimu."

"Basi inuka kidogo unipe. Siku nne sijaenda kwa kinyozi."