Mama Aliyejua Kushiba

Wiki hii nimeletewa habari kutoka Kisangani kwamba yule mama muuza vitenge wa mtaa wa Tshopo, aliyenipangisha chumba miaka ya vita, amefariki. Amekufa kwa uzee, kitandani kwake, umri ambao wachache wetu tulidhani angeufikia.

Nilipohamia kwake alikuwa mnene kiasi cha magoti kumshinda. Muuguzi alimkataza wali, ndizi na mawese. Alivumilia siku chache, kisha akala kama mtu aliyetoka jela. Mabomu yalipoanza kuanguka mjini, wapangaji wote tulikimbia. Yeye alibaki ameketi mlangoni. “Kimbieni, batoto,” alituambia. “Miye miguu inakataa.” Tuliporudi tulimkuta hai, vumbi limemjaa kichwani, akilia.

Tangu hapo alianza kula kwa namna ambayo sijaiona tena. Hakujinyima kitu. Alikula lituma, ile ndizi ya kupondwa, pamoja na pondu, yaani kisamvu, iliyojaa mawese, ila polepole, akitulia kati ya tonge na tonge kama anayemsikiliza mtu. Kisha alisukuma sahani, hata ikiwa na nusu. Na chakula kilikuwa adimu! Sisi wengine, tukikipata, tulikula mpaka kuvimbiwa.

“Mama, maliza,” nilimwambia siku moja. “Kesho hatuijui.”

“Donc nijaze tumbo juu ya woga?” akanijibu. “Njaa ya tumbo iko moja, ya woga iko ingine. Ya woga haishibake. Bon, peleka hii kwa jirani.”

Mwili ukapungua, maneno yakazidi. Wateja walinong’ona kwamba ana ugonjwa, baadhi wakaogopa hata kugusa vitenge vyake. Biashara ikayumba, naye akaendelea kula vilevile. Mapigano yaliporudi, mama huyo alimbeba mgongoni bibi kipofu wa nyumba ya pili, akatutangulia njia nzima hadi Simi-Simi, pembeni mwa mji. Nilikuwa nyuma yake nikihema, nikiitazama ile migongo miwili, nisiamini macho yangu.

Siku hizi watu wananiuliza dawa ya kupunguza unene, na vyakula gani waviache. Sina jibu la kitaalamu. Ninachojua ni kwamba katikati ya vita niliona mtu akiuamini mwili wake kuliko hofu yake. Basi ukikaa mezani leo, kabla ya kuuliza unakula nini, jiulize ni nani ndani yako anayeomba chakula.