Boksi la bastola na udi wa Alhamisi

Leo boksi tupu nusura linirudishe Tanga.

Baba mwenye nyumba hapa Pearl, mtaa wa matajiri huku ughaibuni ninakofanya kazi za ndani, anakusanya bastola za kizamani. Mwezi uliopita kanunua moja, imekuja na boksi lake. Kumbe boksi likiwa la asili, bastola inapanda hadhi. Akalihifadhi kwenye kabati la abaya za madamu, mkewe.

Leo kaja mtaalamu kulikagua. Akasoma lebo, akapapasa kona, kisha akalinusa kama mtu anayenusa maziwa ya jana.

"Feki," akasema. "Boksi la zamani halinukii hivi. Wamelifukiza kuficha gundi mpya."

Baba kashika simu, kawaka, ampigie aliyemuuzia.

Mimi nimesimama na sinia la kahawa, miguu inaniuma tangu alfajiri. Nikasema tu: "Baba, huo ni udi. Kila Alhamisi nafukiza makabati."

Baba akashusha simu.

Aliyeniamuru nifukize ni madamu. Na madamu yupo hapo hapo kwenye kochi, anatazama kucha zake!

Mtaalamu akalikagua upya, safari hii kwa macho. Akakubali: ni la asili, ila harufu imelipunguzia thamani.

Baba akanigeukia. "Udi marufuku kwenye kabati lile! Ukirudia, nakurudisha kwenu!"

Nikasema ndiyo, baba.

Sijatua hata sinia jikoni, madamu huyu hapa mlangoni, kwa sauti ya chini:

"Kesho Alhamisi. Usisahau kufukiza abaya zangu."

Haya, wenzangu wa majumbani, mngemtii nani? Mimi nimechoka hata kuchagua.