Kilo Sita kwa Wiki Tatu

Nakumbuka asubuhi moja niliyoamka bila kulala, kwa sababu ya yai. Yai moja la kuchemsha, mwanangu, lilikuwa mezani kwenye sahani, na mimi mwenye shahada ya chuo kikuu nilikuwa nimekesha nikijiuliza: nikilila, nitaongezeka gramu ngapi? Nisipolila, mikono itatoa wapi nguvu? Na je, ute una uzito kuliko kiini? Kulipokucha nikampa jirani.

Unaweza kucheka. Lakini jana nilipokuona umejizungushia nailoni tumboni chini ya fulana, umetoka kunyanyua vyuma na unakwenda kwenye ngumi bila kunywa hata tone la maji, mimi sikucheka. Nilikasirika. Tena nilikasirika kwa sababu niliujua ujinga huo. Ulikuwa wangu kabla haujawa wako. Keti nikueleze.

Ilikuwa miaka ya tisini, nasi tulikaa Makadara. Nilikuwa nimemaliza masomo na kuzunguka na vyeti vyangu mpaka bahasha ikachanika kwenye mikunjo. Kazi hakuna. Jioni nilicheza ngumi katika ukumbi wa mtaa. Siku hizo zilikuwepo kampuni zenye timu za ngumi, na bondia mzuri aliajiriwa: siku za wiki yuko ghalani au ofisini, Jumamosi yuko ulingoni. Kampuni moja ikatangaza mchujo baada ya wiki tatu. Kocha wetu akasema nafasi nyepesi kuipata ilikuwa ya kilo sitini, maana washindani walikuwa wachache. Mimi nilikuwa na sitini na sita.

"Sita ni nini, msomi?" akaniambia. "Hiyo ni jasho tu. Maji ni ya samaki."

Nikamwamini. Mimi, niliyeshindwa kuliamini yai, nikamwamini mtu aliyeniambia nisinywe maji. Ndiyo shida ya sisi tunaowaza sana: tunahoji vitu vidogo mpaka tunachoka, kisha kikubwa kinapita mlangoni bila kuulizwa jina.

Nilivaa majaketi mawili na karatasi ya nailoni ndani yake, nikakimbia saa saba mchana kuelekea mtaa wa Tena na kurudi. Nilikula kabichi. Nilitafuna ubani ili niteme mate, kwa kuwa mate nayo yana uzito. Na kosa kubwa kuliko yote, niliacha vyuma. Vyuma vyetu vilikuwa bomba moja na mikebe miwili ya mafuta ya kupikia iliyojazwa saruji, lakini vilikuwa vimeanza kunipa mgongo na mabega. Nikawaza hivi: misuli ina uzito, mimi natafuta wepesi, basi misuli ni adui. Hiyo ndiyo mantiki ya mwenye shahada!

Kilo zikashuka. Mizani ikawa inanisifu kila jioni, nami nikaridhika na sifa zake. Mizani haiulizi umetoa nini.

Siku nne kabla ya mchujo nilipangiwa kufanya mazoezi ulingoni na rafiki yangu Wafula, kibarua katika kiwanda cha sabuni. Alinigusa kwa mkono wa kushoto, ule wa kupimia umbali tu. Nikajikuta nimekaa sakafuni.

"Haki sijampiga!" Wafula akapaza sauti. "Nimempapasa tu! Msomi, umekula nini wewe?"

"Kabichi."

"Basi jamani mniandikie, leo nimeangusha kabichi."

Ukumbi mzima ukacheka. Hata mimi nilijaribu kucheka, lakini midomo ilikuwa imekauka, ikagoma. Kocha ndiye hakucheka. Alinipeleka kwenye mizani, akasoma, akasema, "Bado kilo moja na nusu. Kuanzia kesho usinywe kitu."

Mpaka leo neno hilo likinijia, damu hunichemka. Mtu ameanguka mbele yako, macho yamemzunguka, nawe unamsoma uzito kama gunia la viazi! Hakuniuliza kama naona vizuri. Hakuniuliza jina la siku. Na mimi, mtu mzima, nikajibu, "Sawa, kocha."

Kesho yake nilijikokota hadi kwenye kibanda cha Mjomba Mutua, kaka yake mama, aliyekuwa akichonga vinyago nyuma ya nyumba zetu. Alinimiminia kikombe cha maji. Nikakataa, nikamweleza mpango wangu wote, kwa hesabu. Aliinuka, akaleta twiga aliyepasuka kutoka shingoni mpaka mguuni.

"Gogo lake lilikuwa bichi," akasema. "Mteja alikuwa na haraka. Fundi wangu mmoja akalianika juani, ati likauke upesi liwe jepesi. Likawa jepesi kweli. Sasa nimuuzie nani?"

"Lakini mjomba, uzito wa..."

"Nyamaza! Mlifundishwa kupima, hamkufundishwa kuuliza mnapima nini." Akanifinya tumboni, akayashika mafuta na kuyavuta. "Haya hapa bado yapo. Umetoa maji, umetoa nyama, haya umeyaacha. Mti hupunguzwa kwa tezo. Bandu bandu huisha gogo, mwana wa dada yangu. Huyo kocha wako anataka jina kwenye karatasi. Sisi tunataka mtu."

Nilikunywa vikombe vitatu. Nikala githeri yake, mahindi na maharagwe.

Usidhani niliamua papo hapo. Siku mbili nilizunguka na swali lile lile. Uzani wa juu ulikuwa kilo sitini na tatu na nusu, na huko walijaa watu wenye nguvu. Nikipanda, huenda kazi ikanipita. Nikibaki chini, huenda nikapigwa na ngumi nisiyoiona. Na nikimwasi kocha, nitafanyia wapi mazoezi?

Siku ya mchujo karani alinyanyua kalamu. "Uzani?"

"Sitini," kocha akajibu nyuma yangu.

"Sitini na tatu na nusu," nikasema mimi.

"We msomi, ukipanda huko, ukumbi wangu usiuone tena."

Nikavua viatu, nikapanda juu ya mizani, nikamtazama karani, wala si kocha. "Andika hiyo." Akaandika. Nikapigana raundi tatu, nikashindwa kwa pointi na mtu aliyenizidi ufundi. Kazi sikuipata. Lakini kila ngumi iliyonijia niliiona.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Mafuta yapunguze, ni haki yako, ila yapunguze polepole, kwa miezi. Punguza soda na chapati za kila siku, usipunguze maji. Kula maharagwe, mayai na omena, yaani dagaa, bila kuviogopa. Vyuma usiviache, maana ndivyo vinavyouambia mwili kwamba misuli bado ina kazi. Nyanyua vizito siku mbili tatu kwa wiki, na siku hizo zisigongane na siku za kupigana. Ukichoka, pumzika bila kujitetea. Uzani ukikukataa, panda ule unaokufaa. Na yeyote atakayekuambia kiu ni ushujaa, hata kama ana filimbi shingoni, mwache hapo hapo. Heshima kwa mkubwa haijawahi kumtaka mtu azirai.

Mungu akuzidishie pumzi. Akupe walimu wanaokutazama usoni kabla ya kutazama namba. Na kila ulingo utakaopanda, ukupe kushuka kwa miguu yako mwenyewe.