Kisutu kilichoanikwa kwenye kamba ya mkasi

Tk. Tk. Tk.

Ukiwa kibarazani husikii cherehani. Unasikia nyuzi zikikatika, moja baada ya moja, kavu kama mtu anayevunja njiti za kiberiti chumba cha pili. Ni saa moja asubuhi, mtaa wa Magomeni, Bagamoyo, na fundi anayesifika kwa kushona yumo ndani anafumua.

Mwanahija Bwanausi, mwenye miaka 44, amekaa mkekani na wembe mkononi. Magotini pake pametandazwa mfarishi, tandiko zito la viraka vya khanga vilivyoungwa vikawa nguo moja. Aliumaliza wiki mbili zilizopita, akaringa nao mtaa mzima. Leo anaupasua, na kila uzi ukikatika anakunja uso kama aliyekatwa yeye.

"Bado thelathini na moja," anasema bila kuinua kichwa.

Jumamosi binti yake, Jasmin, anaolewa. Kisutu anachopaswa kujitanda siku hiyo kimo humo ndani ya mfarishi, kimekatwa vipande arobaini na nane. Aliyekikata ni mama yake mzazi.

Kisutu ni khanga ya bibi harusi: nyekundu, nyeusi na nyeupe, isiyo na maandishi. Hiki ni cha Bi Mgeni, mama wa mume wa Mwanahija, aliyeolewa nacho kijijini Mkange mwaka 1971. Binti zake wawili walikivaa. Mwaka 2000, alipoolewa na Khamis, Mwanahija naye alikivaa.

"Nilijitanda hichohicho," anasema, akiitazama mikono yake kama mikono ya mwizi. "Mikono hii ikakikata, na isikijue!"

Mikono hiyo imeshona mifarishi kwa miaka tisa. Kiangazi ndio msimu wake. Mvua za masika zikishakatika, nguo hukauka kwa nusu siku na watoto wa shule huwa nyumbani kumsaidia kupanga viraka. Mwaka huu amekwishatoa mitano, mmoja wa kitoto kichanga cha mdogo wake, Adila. Mfarishi mkubwa humchukua siku kumi na mbili, na huuzwa Sh140,000. Fedha hizo ndizo zilizomsomesha Jasmin ualimu.

Wateja wengi humletea khanga za marehemu wao. Arobaini ikishapita, badala ya kuziacha zioze sandukuni, huomba zishonwe pamoja ili wajifunike.

Uani kwake kuna kamba mbili. Ya karibu na jiko ni ya nguo za kuvaa. Ya ukutani ni ya mkasi: kila kitambaa cha kukatwa hufuliwa na kuanikwa hapo. Watu wa nyumba wanajua, hawakumbushwi.

"Mimi hata shati langu silisogezi pale," anasema Khamis, dereva wa bajaji. "Nitalikuta limekuwa foronya."

Bi Mgeni hakuwa mtu wa nyumba hiyo. Alikuja kutoka Mkange kwa ajili ya harusi, akakitoa kisutu kwenye mzigo wake, akakifua, akatafuta kamba iliyo tupu. Akaiona ya ukutani. Akaanika, akaenda kujinyoosha.

Siku hiyohiyo Mwanahija alikuwa na kazi ya Mwinshehe, muuza samaki sokoni, aliyeleta khanga kumi na moja za marehemu mama yake. Mojawapo ilikuwa kisutu.

"Nilikuwa nikizifua kwa mafungu," anasimulia. "Nikatoka uani, nikaona kisutu kambani. Nikasema, kumbe hiki nilishakifua. Nikakianua."

Mkasi ukapita.

Siku tisa baada ya Mwinshehe kuuchukua mfarishi, Bi Mgeni, aliyeamini kisutu chake kimewekwa kabatini, akauliza.

"Mwanangu, kisutu changu mmekiweka wapi?"

"Kisutu kipi, mama?"

"Nilichokianika pale ukutani."

Mwanahija alikimbilia mfuko wa Mwinshehe wenye masalio, akaumwaga sakafuni. Chini kabisa, kimekunjwa, hakijaguswa na maji, kikaanguka kisutu cha mama yake Mwinshehe. Kizima.

"Nilikaa chini palepale."

Bi Mgeni alikigeuza upande huu na huu. "Hiki si changu," akasema. Kisha akakirudisha mfukoni.

Kesho yake Mwanahija alikwenda soko la samaki.

"Mwinshehe, nisamehe. Kisutu kilichomo kwenye mfarishi si cha mama yako. Ni cha mama mkwe wangu. Yu hai."

Mwinshehe aliweka kisu chini. "Dada, siku tisa nalalia upande uleule. Nauvuta mpaka puani, nalia, nasema hii ndiyo harufu ya mama. Kumbe namlilia mama mkwe wako, naye yuko nyumbani anakula wali?"

Wenzake waliangua kicheko. Yeye hakucheka.

Jioni aliuleta mfarishi mwenyewe. Akasema bibi harusi avae kisutu cha marehemu mama yake, kwa kuwa ni kizima. Bi Mgeni akakataa.

"Ahsante, mwanangu. Cha mama yako kikae na wewe. Msiba wako si kitu cha kuazimana."

Kwa hiyo kazi ni mbili. Vipande vya kisutu cha Bi Mgeni vitoke kwenye mfarishi, vya mama yake Mwinshehe viingie. Kisha vilivyotoka virudishwe kuwa kisutu, kwa sindano ya mkono. Siku zilizobaki ni nne.

"Kisutu cha viraka!" Bi Mgeni anafoka kutoka mlangoni. "Mjukuu wangu, mke mwenzangu, aingie kama kaokota nguo jalalani? Watu wa mume watasemaje?"

"Bibi, hao watatazama pilau," Jasmin anamjibu.

"Nyamaza! Hujayajua macho ya mawifi wewe."

Harusi ikipita, Mwanahija anakusudia kukodi kibanda barabarani, kazi itoke uani, na mzigo wa kila mteja uwe na kamba yake.

Lakini leo hilo liko mbali. Bi Mgeni anachukua safu ya kwanza iliyokwisha kuungwa, anaipitisha polepole kwenye shingo ya mjukuu wake.

"Mshono unakwaruza hapa," anasema.

Mwanahija anaupokea mshono, anaufumua wote, anatunga uzi upya. Kisha anamgeukia binti yake, na anasema kwa sauti ya kusikiwa na nyumba nzima:

"Jasmin, Jumamosi utakivaa. Na kikikukwaruza, mwanangu, kivue mbele ya wageni wote, unitupie mimi usoni. Sitainama kukiokota mpaka bibi yako aniruhusu."