Plasta ya Bibi Harusi

Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Hawakusema mtaka cha nje ya ua apande nini, basi mimi nikapanda kinu. Nilikuwa mwali niliyefungiwa ndani, harusi yangu imeshakubaliwa. Mchumba wangu alikuwa fundi cherehani, akishonea barazani kwa Mhindi mmoja muuza nguo, si mbali na kwetu pale Bagamoyo. Nilikuwa nimewahi kusema naye mara moja tu, kabla ya kuposwa, nilipopeleka kanga kupindwa. Aliniuliza nataka upindo mwembamba au mpana, na akaniuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua jibu. Nikampenda palepale. Nasema wazi, maana sasa ni mzee na wa kunichapa hayupo.

Alasiri hiyo nikasikia kengele ya baiskeli yake inapita nyuma ya ua. Nikakigeuza kinu kifudifudi, nikasimama juu yake, nikachungulia juu ya makuti. Nikaona kofia. Kofia tu, wallahi, na kipande cha sikio. Kinu kikacheza, nami nikashuka bila kukusudia, mkono wa kulia umetangulia.

Habari iliyotoka nyumbani kwetu ni kwamba mwali ameteleza akitia udhu. Mama aliieneza mwenyewe mtaa kwa mtaa, na nani atamsema msichana aliyevunjika mkono kwa ajili ya sala? Nikapata sifa ya ucha Mungu ambayo sikuistahili kabla wala baadaye.

Hospitalini dakta akaniviringisha plasta kutoka juu ya kiwiko hadi mkononi, vikabaki vidole tu vinachungulia. Akasema isilowe, isiguswe, ataitoa mwezi wa Ramadhani.

"Si kabla?" mama akauliza. "Harusi yake ni Shaabani."

"Mfupa haujui habari za harusi," dakta akasema, akaenda zake.

Mtaani kwetu plasta waliiita hogo, na hogo lile lilinijia wakati wa kaskazi. Anayelijua joto la pwani yetu wakati wa kaskazi simwelezi, na asiyelijua hataniamini. Hata kuku walikuwa wanalala chini ya mitungi. Jasho liliingia ndani ya plasta kwa raha zake na halikuwa na pa kutokea. Kisha kukaanza kuwasha. Kuwashwa mahali unapoweza kupafikia ni taabu ndogo, lakini kuwashwa mahali palipojengewa ukuta, Mungu akuepushe! Nilichomoa chelewa kwenye ufagio, nikaipenyeza ndani nikakuna, nikaona pepo kwa macho. Siku ya pili ikakatikia humo humo, kipande kikabaki kinanichoma. Nikanyamaza, maana nani ningemwambia?

Aliyekuwa na amri juu ya mwili wangu ni somo yangu, shoga wa mama, aliyekabidhiwa kunifunda na kunisinga. Kila siku alinisugua kwa singo na liwa mpaka nikawa laini na ninang'aa, mwili mzima isipokuwa mkono ule. Na mkono ule, sitaficha, ulianza kunuka. Ulinuka kama kitambaa cha jikoni kilichosahauliwa nyuma ya mtungi. Sasa bibi harusi wa kwetu asiponukia, ni aibu ya ukoo mzima, waliokufa nao wamo.

"Usilie," somo akasema. "Harufu hufukuzwa na harufu."

Akaleta chetezo, akatia udi, akaniweka kiwiko juu yake mpaka moshi ukatokea vidoleni. Nikawa bomba la jikoni. Haikutosha. Akapenyeza asumini, akapenyeza karafuu, akapenyeza mrehani. Sisimizi wakapata habari, nao wakaingia bila kualikwa. Mwisho akaja na mrashi, akaanza kunimiminia marashi ndani ya plasta, asubuhi na jioni.

"Dakta kasema isilowe," nikamkumbusha.

"Dakta kasema isilowe maji. Hakusema marashi."

Plasta ikalainika pale kwenye kifundo, ikalegea, ikakauka tena vile ilivyotaka yenyewe. Sote tulisikia raha, maana sasa nilikuwa nanukia.

Katikati ya hayo akaja mama yake mchumba kunitazama. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku anautazama mkono, si mimi.

"Sasa mwanangu siku hiyo atapewa mkono gani?" akauliza.

Kwetu nikaha husomwa msikitini, lakini bwana harusi bado hajamaliza. Huletwa mpaka chumbani kwa mkewe, na pale bibi harusi humpa mkono wa kulia, kiganja kwa kiganja, naye huomba dua. Hapo ndipo kila mtu husema ameoa. Mkono wa kushoto haufikiriwi hata kwa mzaha, kazi zake zinajulikana.

"Hatuna haraka," akaendelea, taratibu kama mtu anayepoza uji. "Tungoje Ramadhani ipite. Mfupa uunge vizuri."

Lo! Watu wote walijua kwamba kule kijijini Kiwangwa kaka yake huyo mama ana binti mwenye mikono miwili mizima, na kwamba tangu mwanzo moyo wake ulikuwa huko. Mwezi mzima wa futari, mama na mwanawe mkekani, angemwambia mangapi? Nilijua nikingoja nimemkosa. Nikajifunika kanga ili nisionekane ninavyolia.

Somo akaweka kikombe chake cha kahawa chini.

"Mwenzangu," akasema, "nimemwuliza mwalimu wa chuo cha Kurani. Mwenye jeraha lililofungwa, akitia udhu anapaka maji juu ya kile kilichofungiwa, na udhu wake ni sahihi. Basi mkono huu na plasta yake Mwenyezi Mungu anaupokea mara tano kwa siku. Wewe unaukataa una cheo gani?"

Yule mama akanywa kahawa yake yote, mpaka mashapo. Kisha akasimama.

"Haya. Ataingia. Akiupokea, kheri. Asipoupokea, atatoka kama alivyoingia, na msije mkanisema."

Tangu hapo mji mzima ulikuwa na swali moja. Majirani walikuja kuniuliza nitautoaje. Mashangazi walitaka kujua kama bado unanuka. Mama aliuliza watu watasema nini. Nikawa kama mtu aliyeletewa mzigo wa wenyewe, kazi yake kuuangalia tu usiharibike.

Siku ya harusi ikawaka jua la kukausha papa. Gauni alikuwa amelishona bwana harusi mwenyewe kabla sijaanguka, hariri nyeupe, mikono mirefu iliyobana kama ilivyokuwa fasheni. Mkono wa kushoto ukapita vizuri. Wa kulia ukakataa katakata. Somo hakushauriana na mtu, akachukua wembe akaupasua mshono kutoka chini hadi begani, kisha akaubana kwa pini. Nikaketi kitandani, nimegubikwa kanga juu ya hariri, jasho linanitiririka, na nyuma ya mlango wanawake wamejazana, mama mkwe mbele yao.

Baada ya alasiri bwana harusi akaingia, mlango ukarudishwa.

"Salaam alaykum."

Nikaitika kwa sauti isiyosikika. Nikatoa mkono wangu kutoka ndani ya kanga, na plasta yake na pini zake. Akautazama wote, kutoka vidoleni hadi begani. Nikahesabu pumzi zangu, nikamwona yule binti wa Kiwangwa anatia hina.

"Nani kapasua mshono huu?" akauliza.

Nikajua yamekwisha. "Somo," nikasema. "Haukupita."

"Mngeniambia tu. Ningeushona mpana."

Akaketi. Akaichukua plasta kwa mikono yake miwili, akavishika vile vidole vilivyochungulia, akaomba dua yake yote, taratibu, hakuruka neno. Alipomaliza hakuuachia mkono. Akauinamia, akatazama ndani kama anavyotazama uzi uliokwama kwenye cherehani.

"Unawasha?"

Tangu nianguke, hapakuwa na mtu aliyeniuliza hilo. Nikaanza kulia kwa nguvu, mpaka wanja ukanishuka mashavuni.

"Unawasha, jamani! Unawasha mpaka nataka kuung'ata!"

Akainuka, akachomoa chelewa ndefu kwenye ufagio uliokuwa pembeni, akaisugua ncha kwa ukucha isije ikanichoma. Akaipenyeza, akaanza kukuna.

"Juu kidogo," nikamwambia. "Hapo. Hapo hapo! Aaa, Yarabi!"

Nje vikapasuka vigelegele vya kuezua paa. Wakaanza na kupiga ngoma, sinia zikagongwa, na sauti iliyopanda kuliko zote niliitambua, ya mama mkwe. Sisi ndani tukatazamana, mume wangu ameshika chelewa, tukacheka mpaka akakaa chini.

Plasta ikatolewa Ramadhani. Zikamwagika asumini zilizokauka, karafuu, sisimizi waliokufa, na kile kipande cha chelewa. Dakta akatikisa kichwa. Mkono wenyewe ulikuwa umeunga upande, pale marashi yalipopita, na haujanyooka mpaka leo. Kukuna nazi nimekuna, watoto nimebeba, mama mkwe nimemwosha kwa mkono huo huo hadi alipofariki.

Na magauni yangu yote alinishonea yeye. Mkono wa kulia aliukata kivyake, bila kunipima, na ulinikaa kila mara. Ameshatangulia sasa. Mafundi wa siku hizi nawaeleza, wananisikiliza kwa adabu, kisha wanakata mikono yote miwili sawasawa, na wa kulia unanibana.